Fizi zinazotoa damu zipelekwe kliniki kabla ya koleo

Katika sehemu kubwa ya nyanda za kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Iramba, watu wazima wengi huonana na mtaalamu wa meno siku moja tu, nayo ni siku ambayo jino halivumiliki tena. Mgonjwa huwa ameshasukutua maji ya chumvi, ameshatafuna karafuu, ameshanunua vidonge kwenye duka la dawa muhimu na amekesha ameshika shavu. Akifika hospitali ya wilaya, kinachowezekana haraka ni sindano ya ganzi na koleo. Jino linatoka, maumivu yanakwisha, anashukuru na kurudi nyumbani. Kwa jino lililooza hadi kwenye kiini, huo ni msaada wa kweli ingawa umechelewa. Kwa jino lililolegea kwa sababu ya ugonjwa wa fizi, tunaanzia mwisho. Ugonjwa wa fizi ni wa kudumu kama sukari na presha: huja taratibu, hauumi mwanzoni, hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hudhibitiwa kwa kufuatiliwa. Hoja yangu ni kwamba mahali pake ni kwenye kliniki za kawaida ambazo tayari tunazo, na tukiendelea kuuachia chumba cha kung'olea meno tutapoteza meno mazima ambayo hayakuwa na tundu hata moja.

Wengi wanaujua ugonjwa huu kwa dalili bila kuujua kwa undani. Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini wenye vijidudu, ambao ndio ukoga. Ukiondolewa kila siku hauleti shida. Ukiachwa, hasa pale jino linapokutana na ufizi, vijidudu huongezeka na aina zake hubadilika, na mwili hujibu kwa kupeleka damu na askari wake eneo hilo. Ndiyo maana fizi huwa nyekundu, huvimba, na hutoa damu mtu anapopiga mswaki au kutafuna muwa. Ukoga ukikaa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, ule ugumu wa njano au kahawia unaoonekana mapema zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali mate yanapomiminika. Ugaga hautoki kwa mswaki hata mtu asugue kwa nguvu kiasi gani, na uso wake wenye kukwaruza huwa makazi mapya ya ukoga. Hapo ugonjwa bado unarudi nyuma ukitibiwa. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe hushuka chini zaidi, nyuzi zinazoshika ufizi na jino huachia, kati yake hutokea mfuko, na ndani ya mfuko huo mfupa wa taya huanza kuliwa. Si vijidudu peke yao vinavyoula. Ni mapambano yenyewe ya mwili yasiyokoma. Haya yote huweza kuchukua miaka bila maumivu ya kumtoa mtu nyumbani. Anachokiona ni meno kuonekana marefu, mianya kati yake, harufu ya kinywa isiyokwisha, na mwishowe jino linalotikisika kwa ulimi.

Msomaji wa Kondoa hahitaji maelezo mengi zaidi. Jino la mgonjwa wa fizi ni kama mti uliosimama kando ya korongo: shina ni zima na majani ni mabichi, ila udongo umeondoka kwenye mizizi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi na vichaka vilirudi na mmomonyoko ukapungua, lakini udongo uliokwishachukuliwa na maji haukurudi kuyajaza makorongo. Kwa fizi ni hivyo hivyo. Uharibifu unaweza kusimamishwa katika hatua nyingi, ila mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi. Kwa sababu hiyo, tarehe ya kugundua ugonjwa ina uzito kuliko ukali wa dawa itakayotumika.

Kwamba ukoga ndio chanzo si dhana. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa mji wa Aarhus, Denmark, walichapisha majaribio ya watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi, na waliporudia kusafisha fizi zilipona. Hakuna aliyehitaji kidonge. Baadaye Löe huyo huyo aliongoza utafiti mgumu zaidi. Kuanzia mwaka 1970, kwa miaka 15, timu yake iliwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu wasiotumia mswaki na wasiofikiwa na huduma yoyote ya meno. Karibu wote walikuwa na fizi zilizovimba, lakini mwisho wao haukufanana. Asilimia 8 waliharibikiwa haraka, asilimia 81 waliharibikiwa kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1986, yanabeba fundisho ambalo matangazo ya dawa ya meno hayalisemi. Ukoga huanzisha ugonjwa kwa kila mtu, ila mwili wa mtu, sukari yake, tumbaku yake na urithi wake ndivyo vinavyoamua kasi. Kuhimiza mswaki kwa wote ni lazima, lakini hakutoshi. Lazima pia pawe na mtu wa kumtambua yule anayekwenda kwa kasi kabla mfupa haujaisha, na huyo hatambuliki kwa kutazamwa usoni.

Hapa wazee wetu wana pingamizi linalostahili kusikilizwa. Watasema kwamba Ugogoni na Unyaturu watu walisugua meno kwa kijiti cha mti, hawakumjua daktari wa meno, na wengi walizikwa na meno yao. Utafiti uliofanywa hapa hapa nchini unawaunga mkono kwa sehemu. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha matokeo ya kuwapima Watanzania wa umri wa miaka 30 hadi 69. Ukoga na ugaga ulikuwa mwingi mno, lakini mifuko yenye kina cha zaidi ya milimita 3 ilipatikana kwenye chini ya asilimia 10 ya sehemu za meno zilizopimwa. Uharibifu mkubwa ulikuwa umerundikana kwa watu wachache. Katika chapisho jingine la kundi hilo, sababu kuu ya watu kupoteza meno ilikuwa kuoza, si fizi. Kwa hiyo anayesema kila mwenye ugaga atabaki kibogoyo anatisha watu bure, na mimi sitasema hivyo. Lakini ushahidi huo haumaanishi tupuuze. Kama uharibifu umerundikana kwa wachache, basi wachache hao ndio wa kutafutwa, na kuwatafuta ni rahisi kuliko kumtibu kila mtu. Tena Tanzania ya miaka ya 1980 haikuwa hii. Tunaishi miaka mingi zaidi, tunafanya kazi tumekaa, na mji wa Dodoma uliokuwa mdogo wakati huo una wakazi 765,179 kwa sensa ya mwaka 2022. Ugonjwa wa sukari, ambao ndio rafiki mkubwa wa ugonjwa wa fizi, haukuwa na nafasi uliyo nayo leo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta sukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, yaani karibu mtu mmoja kati ya 11. Uhusiano wa magonjwa haya mawili ni wa pande mbili. Sukari ikipanda, mwili hupambana na vijidudu vya fizi kwa namna inayoharibu zaidi na jeraha hupona kwa shida. Fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2022, yakijumuisha majaribio 35, yalionyesha kwamba wagonjwa wa sukari waliotibiwa fizi walipata nafuu katika kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kwa takriban asilimia 0.43 miezi mitatu hadi minne baada ya tiba. Namba hiyo inaonekana ndogo kwa asiyeijua kliniki ya sukari, ila haiko mbali na nafuu inayotarajiwa mgonjwa anapoongezewa dawa ya pili. Na bado mgonjwa wa sukari wa Chamwino au Bahi huhudhuria kliniki mwezi kwa mwezi, hupimwa uzito, presha na damu ya kidole, huulizwa macho na miguu, na huenda miaka ikapita bila yeyote kumwambia afungue mdomo. Huu ndio upungufu ninaouona mkubwa kuliko uhaba wa mashine.

Matibabu yenyewe hayana siri. Mtaalamu huanza kwa kupima kina kati ya ufizi na jino kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akizunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni afya. 4 na kuendelea ni dalili ya mfuko. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliobaki. Halafu mgonjwa hufundishwa kusafisha, kwa vitendo, mbele ya kioo, hadi aweze, maana bila hatua hii zote zinazofuata hupotea. Ndipo ugaga hukwanguliwa, kwa mkono au kwa mashine inayotetemeka na kurusha maji, kwanza ule wa juu ya ufizi na kisha ule uliojificha ndani ya mifuko, hapo kwa kawaida kwa ganzi. Baada ya wiki 6 hadi 12 mgonjwa hupimwa tena. Mifuko mingi huwa imepungua kwa sababu ufizi umenywea na kushika tena. Iliyobaki mirefu, hasa ya milimita 6 na zaidi, hukwanguliwa upya au hufanyiwa upasuaji mdogo ili mzizi uonekane na usafishwe. Kisha yanaanza maisha ya kawaida ya mgonjwa wa kudumu: kurudi kila baada ya miezi 3 hadi 6, kupimwa na kusafishwa. Anayekoma kuhudhuria hurudishwa nyuma na ugonjwa, kama anayeacha vidonge vya presha kwa kuwa ameona kichwa hakiumi.

Kuna imani mbili zinazowaangusha wagonjwa njiani. Ya kwanza ni kwamba kusafishwa meno hospitalini hulegeza meno. Anayesema hivyo hasemi uongo kuhusu alichokihisi. Ugaga mwingi huyagandisha pamoja meno yaliyokwisha kulegea na huziba mianya. Ukiondolewa, mianya huonekana, mizizi iliyokuwa imefunikwa hupata hewa na kusisimka kwa maji baridi, na kwa siku kadhaa mtu huamini ameharibiwa. Meno yalikuwa yameshalegea kabla. Daktari asiyemwambia mgonjwa haya mapema anamnyima haki yake na anajichongea mwenyewe, maana mgonjwa huyo hatarudi, na kijiji kizima kitapata habari. Ya pili ni dawa za dukani. Fizi zikivimba, watu hununua amoksilini au metronidazo kwa siku tatu, uvimbe hupungua, na ugonjwa huhesabiwa umepona. Vidonge havitoi ugaga, wala haviwezi kuusambaratisha ukoga uliojishikiza kwenye jino. Vina kazi yake pale penye usaha uliosambaa, homa, au fizi zinazooza kwa ghafla. Nje ya hapo hutuliza kelele kwa muda, na kutufikisha mahali ambapo dawa hizo hazitafanya kazi siku tutakapozihitaji kwa nimonia. Naongeza onyo kwa wavuta sigara: nikotini hubana mishipa ya damu, hivyo fizi zao hutoa damu kidogo huku mfupa ukiliwa kwa kasi zaidi. Kutoona damu kwao si habari njema. Ugoro nao, unaowekwa kati ya shavu na ufizi, huwasha na kurudisha nyuma ufizi wa mahali pale pale unapowekwa.

Nyanda za kati zina mkanganyiko wake wa pekee ambao wahamasishaji kutoka nje huukosea. Mkoa wa Singida, kama Arusha, Manyara na Shinyanga, una vyanzo vya maji vyenye floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya, huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka maisha yote. Huo si ugaga, si uchafu, na si ugonjwa wa fizi. Mtu mwenye meno hayo ameshaambiwa mara ngapi tangu shule ya msingi kwamba hapigi mswaki? Aliyezoea kuaibishwa kwa jambo lisilo kosa lake hafungui mdomo kwa hiari mbele ya mtaalamu, na fizi zake huharibika akiwa ameuficha ugonjwa pamoja na madoa. Elimu ya fizi Singida lazima ianze kwa kutenganisha vitu hivi viwili, waziwazi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapanga bajeti. Watauliza kwa nini mkoa wenye watu 3,085,625, kama Dodoma ilivyohesabiwa mwaka 2022, utumie fedha kukwangua meno wakati bado kuna malaria, udumavu na akina mama wanaopoteza maisha wakijifungua. Wanaweza hata kuleta ushahidi wa kitaalamu: kusafishwa mara moja bila mgonjwa kubadili usafi wa kila siku hakudumu, na ugaga hurudi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kifurushi cha msingi cha huduma ya kinywa kwa nchi zenye uwezo mdogo, kilichoandaliwa na Jo Frencken, Christopher Holmgren na Wim van Palenstein Helderman, na nguzo zake zilikuwa tatu: tiba ya dharura, dawa ya meno yenye floridi kwa bei nafuu, na kuziba meno bila mashine. Ukwanguaji ugaga kwa umma haukuwa nguzo. Nakubali mantiki ya kifurushi hicho. Kupeleka gari kijijini, kukwangua watu mia mbili, kupiga picha na kuondoka ni kupoteza fedha. Lakini mimi siombi kampeni. Naomba ufuatiliaji, kwa watu ambao tayari wanafuatiliwa, na kazi kubwa ya ufuatiliaji huo ni maneno na kioo, si mashine. Muuguzi wa kliniki ya sukari anaweza kufundishwa kuuliza kuhusu damu, kuangalia uvimbe, kuujaribu ulegevu wa jino kwa kidole na kuandika rufaa. Tabibu wa meno wa wilaya basi hupokea wachache waliochujwa, badala ya kungoja wote wafike na meno ya kung'oa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto na kufuatilia wajawazito, wanaweza kubeba somo la mswaki bila posho ya ziada. Gharama yake iko kwenye mafunzo na usimamizi.

Kuhusu wajawazito, lazima niwe mkweli, kwa sababu wapenda afya ya kinywa wamezoea kuahidi kupita ushahidi. Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe na kutoa damu kwa ukoga kidogo tu, na tafiti nyingi ziliona ugonjwa wa fizi ukiambatana na kujifungua kabla ya wakati. Ila jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, likihusisha wanawake 823, lilionyesha kwamba kuwatibu fizi wakiwa wajawazito hakukupunguza uzazi wa kabla ya wakati. Lilionyesha pia kwamba tiba hiyo ilikuwa salama kwa mama na mtoto na kwamba fizi zilipona. Kwangu sababu hiyo inatosha. Mwanamke hahitaji kutishiwa kuhusu mtoto wake ili atibiwe kinywa chake. Kinywa chake ni sehemu ya afya yake. Na kwa wengi vijijini, kliniki ya wajawazito ndiyo nafasi pekee ya kuonana na wataalamu kwa mpangilio. Kuikosa nafasi hiyo kwa sababu ya hofu kwamba mjamzito haguswi meno ni hasara isiyo na msingi.

Kliniki hiyo hiyo ndiyo inayomwona mtoto, na hapa suala la fizi linavuka kupoteza meno na kuwa suala la uhai. Noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto ndani ya siku chache, huanza kama ufizi unaotoa damu na kuoza kwa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au malaria. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Ukionekana mapema hutibika kwa viuavijasumu, usafi wa kinywa na chakula bora. Ukichelewa huua au huacha uso ulioharibika. Ugonjwa huu si wa kila siku kwetu, ila mkoa kama Dodoma, wenye mvua ya msimu mmoja, takriban milimita 570 kwa mwaka, na historia ndefu ya njaa hauna ruhusa ya kuwa na wahudumu wasiojua unavyoanza. Mazoea ya kufungua mdomo wa mtoto yangetusaidia pia dhidi ya kile kinachoitwa meno ya plastiki, imani ambayo kwayo fizi za mtoto mchanga mwenye homa au kuhara huchanwa ili kutoa chonge ambazo bado hazijaota. Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye fizi hizo ni jino halali linalojiandaa. Mzazi akiambiwa hivyo na mhudumu anayemwamini, akiwa bado na mtoto mgongoni, hatampeleka mtoto huyo kwa mwenye kisu.

Liko swali la maji na la umaskini wa mswaki. Kwenye kijiji ambako ndoo moja hufuatwa mbali, kumwambia mtu asafishe meno mara mbili kwa siku kunaweza kusikika kama dharau. Kwa kweli kazi hii haitaki maji mengi: kikombe kimoja kinatosha, na dawa ya meno yenye floridi ikibaki mdomoni baada ya kutema, bila kusukutua sana, hufanya kazi vizuri zaidi. Wala asiye na mswaki wa dukani hajakosa njia. Mti wa mswaki, unaostawi kwenye ardhi kavu kama zetu, ulisafisha meno ya watu karne nyingi kabla ya plastiki, na katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake pale ulipozoeleka. Sharti lake ni ufundi. Wengi husugua sehemu ya mbele inayoonekana wakicheka, na kuacha nyuma ya meno ya chini na magego, mahali ugonjwa wa fizi unapoanzia. Kijiti kitafunwe hadi nyuzi zilainike, kipelekwe kwenye mstari wa ufizi, nje na ndani, na kibadilishwe nyuzi zikichakaa. Fizi zikitoa damu, mtu asiache. Azidi kusafisha kwa upole, kwani katika hatua ya mwanzo damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, huyo ndiye wa kwenda kupimwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge, hapa Dodoma, Novemba 2023, na utekelezaji wake unategemea kitita cha mafao: nini mwanachama atalipiwa na nini atajilipia. Hapo ndipo hoja hii inapokuwa na meza ya kufikia. Kitita kikilipia kung'oa jino lakini kikaliona zoezi la kupima na kukwangua mifuko ya fizi kuwa ni urembo, hospitali za wilaya zitaendelea kung'oa, kwa sababu hospitali hufanya kile kinacholipwa. Upimaji wa fizi mara moja kwa mwaka kwa kila mgonjwa wa sukari, na kwa kila mjamzito kwenye hudhurio la kwanza, pamoja na ukwanguaji na hudhurio la kufuatilia kwa wale watakaokutwa na mifuko, viandikwe kama tiba. Dodoma inaweza kuwa mahali pa kuanzia: kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shule ya udaktari wa binadamu na wa meno. Kliniki za sukari za hospitali hizo mbili zikiongeza mstari mmoja kwenye kadi ya mgonjwa kuhusu damu ya fizi na jino linalotikisika, na chumba cha meno kikatenga siku moja kwa wiki kwa ajili ya wale tu waliotoka huko, baada ya mwaka tutakuwa na takwimu zetu wenyewe za meno yaliyobaki kinywani na sukari iliyoshuka, za kuwapelekea Chemba, Ikungi na Mkalama pamoja na mafunzo.